Pete ya Ayalandi

Ilikuja ndani ya soksi,
soksi ndani ya fulana ya mtoto,
fulana ndani ya begi la Mgeni binti Shoka
lililopotea siku mbili uwanja wa ndege
likarudi linanuka marashi yaliyovunjika.

Pete ya fedha, fundo linaizunguka yote.
"Haina mwanzo, haina mwisho," Faki akasema kwenye simu,
"wenyewe huku husema ndiyo mapenzi:
uzi ukizama haupotei."
Nyuma yake nikasikia mvua ya huko,
na mtu akimwita kwa jina nisilolijua.

Mimi msukaji. Tangu meno ya mbele hayajaota
nakaa barazani Mtambwe, chane mapajani,
juu moja, chini moja, ruka, rudi, kaza.
Usinambie mimi kitu kisicho na mwisho.
Kila mkeka una pindo, kila ukili una ncha,
na anayeificha ncha yake isionekane
huo ni ufundi, si milele.

Basi usiku, kwa tochi ya simu,
nikaufuata uzi ule na sindano
kama mtu anayetafuta chawa.
Unapanda juu ya mwenziwe, unazama,
unaibuka mbali, hauombi radhi,
unazama tena.
Nikamjua. Huyu Faki.
Miaka tisa anapita chini kwa chini,
Ramadhani huibuka na pesa ya sukari,
Mfunguo Tatu haonekani,
na nikishasema amekatika
huyo, upande wa pili, anang'ara.

Lugha nayo haikunisaidia.
Nimefunga ndoa, nimefunga Ramadhani,
nimefunga mlango, nimefunga mdomo,
na hili lililonikaa chini ya titi
tangu mwaka ule wa mafuriko
nalo naliita fundo.
Sijui wapi neno linapita juu, pendo,
wapi linapita chini, kinyongo.

Na haikunienea.
Alikipima kidole alichokiacha, cha kigoli;
hiki kimechuma karafuu, kimefua, kimekaza ukili.
Fundo likagota kwenye kifundo.

Nikenda Chake kwa sonara Pragji.
Akaweka kioo jichoni, akageuza, akaguna.
"Nyuzi tatu," nikamwambia.
"Mmoja, bi. Unajipita wenyewe."
Akanyamaza, kisha: "Kuipanua lazima niikate."
"Uikate wapi? Si haina mwisho?"
Alikuwa kashaanza kutafuta msumeno,
mwembamba kama unywele.
"Popote," akasema.

Sikutazama. Nilisikia tu
mkwaruzo, kama mende juu ya karatasi.
Akataka fedha ya kujazia,
pengo lilikuwa upana wa punje ya mpunga.
Nikafungua pindo la kanga,
nikatoa kipande cha furungu la mama
kilichovunjika siku ya harusi ya Riziki.
Akakiyeyusha.
Mguu wa mamangu ukatiwa katika safari
ambayo hakuulizwa,
yeye ambaye hata Unguja alikwenda mara moja,
akarudi na homa.

Elfu kumi na tano.
Tukapatana kumi na mbili, na kikapu.

Sasa iko kidoleni. Ukiitazama haraka huoni kitu.
Ila nikisuka, gumba hupita nyuma yake
kikapakuta mahali pale,
pagumu kidogo kuliko pengine, kama kovu la ndui.
Hapo ndipo naanzia kuhesabu.

Juzi Faki kapiga.
"Inakuenea?"
"Inanienea."
"Nilijua," akacheka, kicheko kile kile,
na mvua yake nyuma.
Sikumwambia ilikatwa.
Chane ilikuwa imekwisha mkononi;
nikachukua nyingine, nikaunga.